Bango la Mtu Aliye Hai

Hadija na wenzake wa kazini wameniomba niandike. Walisema, "Mama, ukiondoka na mambo yote hayo kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Nilijua wananibembeleza, maana wiki hiyohiyo walikuwa wameshagombea kiti changu na mmoja wao kukipata. Lakini nimestaafu, mchana ni mrefu, na kuku wangu hapa Mafiga hawapendi mazungumzo. Kwa hiyo ninaandika.

Habari za kupandishwa cheo mnisamehe. Katika kazi yetu vyeo ni viwili tu, aliye juu ya ngazi na anayeishika ngazi, na mimi nimeshika vyote. Mshahara nao haukuwahi kuwa na la kusimulia.

Nilishuka mjini kutoka kijiji cha misheni huko juu Matombo nikiwa na cheti cha darasa la saba na sifa moja. Padri alikuwa akinipa ubao wa matangazo ya parokia niuandike, kwa kuwa herufi zangu zilinyooka kuliko za katekista. Shangazi yangu wa Mwembesongo alikuwa jirani na Mzee Kibwana, fundi wa maandishi. Mzee Kibwana alikuwa mfupi, mkimya, na kofia yake ilikuwa imepangusiwa brashi miaka mingi hata hakuna aliyekumbuka rangi iliyotoka nayo dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mkono wako unatetemeka?"

"Hapana mzee."

"Utatetemeka," akasema, akanipa kopo na brashi. Ulitetemeka.

Kazi ya kwanza ilikuwa ukuta wa nyuma wa mashine ya kusaga. Mwenye mashine alitaka iandikwe NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. Nilianza asubuhi. Nilipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, nikaziwekea herufi vivuli, na kwenye ile K ya "kukojoa" nikaongeza mkunjo mdogo kama wa kadi ya harusi. Adhuhuri nilipomaliza nilisimama mbali nikajipongeza. Baada ya siku tatu mwenye mashine alirudi amekasirika. Alisema watu wameongezeka.

Mzee Kibwana alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya ule ukuta kama mpita njia yeyote, akasoma polepole hadi mwisho. Kisha akanigeukia.

"Umeandika vizuri mno," akasema. "Mtu anasimama kusoma. Akishasimama, ukuta uko mbele yake. Afanye nini?"

Tuliufuta. Tukaandika upya kwa nyeusi, herufi zimepinda, chini yake tukachora panga. Hapo ndipo watu walipoacha. Nilijifunza siku ile kwamba bango lina kazi yake, na kazi hiyo haihusu wewe kusifiwa.

Mzee Kibwana hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Brashi alizikata mwenyewe kwa wembe, akaziosha kwa mafuta ya taa na sabuni, kisha akazichonga ncha kwa midomo, na ndiyo maana chai yake yote ilinuka mafuta ya taa. Kuhusu rangi alikuwa na msimamo mmoja: nyekundu huonekana kutoka mbali kuliko zote, kwa hiyo kitu muhimu kiandike kwa nyekundu. Niliyashika maneno hayo kama katekisimu. Mtaona yalikonifikisha.

Lakini alinionya pia kwamba mteja anapokuja na rangi yake, muulize kwanza ameitoa wapi. Palikuwa na muuza nyama hapa Mafiga, shabiki wa mpira wa kufa na kupona, ambaye aliapa nyekundu haitagusa ukuta wake kwa sababu ni ya wale wengine. Alitaka kijani. Nilimwambia, "Kaka, bucha la kijani?" Akasema ndiyo, na njano pembeni. Nikalipaka. Mwezi mzima akina mama waliingia kuulizia mchicha, na mgonjwa mmoja aliingia na karatasi ya daktari. Muuza nyama akaja kwa aibu saa ambayo wenzake hawapo, akaniomba nyekundu kidogo, "ila iite jina lingine." Nikamwambia hii ni rangi ya damu ya ng'ombe. Akaridhika.

Macho ya Mzee Kibwana yalipoingia ukungu alinikabidhi ngazi na kwenda kukaa kwa mwanawe Kilosa, na huko ndiko alikozikwa. Nilifanya kazi peke yangu miaka kadhaa, hadi mashine za kuchapa mabango ya turubai zilipofika mjini na watu wakaacha kutaka brashi. Mwenye duka la uchapaji la pale Mwembesongo akaniajiri. Alisema anataka mtu anayejua herufi, kompyuta nitafundishwa. Aliyenifundisha ni Hadija, ambaye alikuwa ametoka chuo juzi na alikuwa na umri wa binti yangu wa mwisho. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, peleka kipanya juu," nami nikakiinua hewani. Hakucheka. Alitoka nje kidogo, akarudi macho yana machozi, akaendelea kufundisha. Toka siku hiyo nilimpenda.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mgeni pale dukani huniuliza, nacho ni kisa cha Mkorea.

Mnajua jinsi tamthilia za Kikorea zilivyoingia hapa, zile zenye sauti ya Kiswahili juu yake. Ilifika wakati hata kwa mama lishe ukiagiza wali unasubiri kwanza mfalme amalize kulia. Mmoja wa waigizaji wa tamthilia hizo aliitwa Baek Rin-ho, kijana aliyeigiza tabibu wa ikulu, mwenye nywele ndefu na uso ambao haujawahi kubeba ndoo. Mwembesongo nzima walimwita Beki. Wazee waliposikia wajukuu zao wanamlilia Beki walidhani ni mchezaji aliyeumia.

Mashabiki wake huko kwao walichangishana wakajenga madarasa mawili kwenye shule moja ya msingi jirani na Mkuyuni. Na Beki mwenyewe akasema atakuja kuyafungua, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu wa shule, Mwalimu Kobelo, alifika dukani kwetu kwa pikipiki kuagiza bango la mapokezi. Ofisi ya Beki ilikuwa imeshamtumia picha rasmi kwa barua pepe, pamoja na waraka.

Picha tuliifungua kwanza. Beki amesimama katikati, suti nyeupe, shati jeupe, viatu vyeupe. Nyuma yake zambarau iliyopauka kama khanga iliyoanikwa mwaka mzima. Mkononi ameshika ua moja jeupe, anatazama pembeni kwa huzuni. Jina lake liko chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo ungehitaji kupiga magoti uzisome.

Nikamwambia Hadija, "Huyu anaumwa?"

"Mama, soma waraka."

Waraka ulikuwa na kurasa kumi na moja, zote za kueleza picha hiyo moja. Hadija alitusomea, akitafsiri. Nyeupe ni usafi na kuanza upya. Zambarau iliyopauka ni ahadi baina yake na mashabiki. Anatazama kushoto kwa sababu kushoto ni yaliyopita. Ua ni moja kwa sababu moyo ni mmoja. Vifungo vya koti ni vitatu, na kila kifungo kilikuwa na aya yake. Mwalimu Kobelo alisikiliza mpaka kifungo cha pili akaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa ninamfikiria Mzee Kibwana. Waraka wote huo yeye angeuandika kwa neno moja: imepauka.

"Hili halitaonekana," nikasema. "Barabara ya Mkuyuni ina vumbi, ina migomba, ina malori. Mtu mwenye nguo nyeupe kwenye bango lililopauka atapotea. Tulirekebishe."

Hadija akasita. "Mama, wamesema tusiguse kitu. Imeandikwa ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho nani anafika?"

Sikuwa na nia mbaya. Naomba mlikumbuke hilo. Jina lake nililitoa kule chini nikaliweka juu, kubwa, na kwa kuwa ndilo jambo muhimu nikaliandika kwa nyekundu. Kichwa chake kilikuwa kinayeyuka kwenye zile rangi zilizopauka, kwa hiyo nikamwekea fremu, na kwenye pembe mbili za juu nikapitisha utepe mweusi wa mshazari ili jicho lisitoke nje ya picha. Ua moja lilionekana kinyonge. Nikataka kumzungushia mengine ya aina ileile, lakini kompyuta yetu haikuwa nayo. Ua jeupe pekee lililokuwa safi ni lile lenye petali nyingi nyembamba linalowekwa altareni. Nikamzungushia hayo, ishirini na manne. Chini nikaandika maneno aliyoleta Mwalimu Kobelo: ATAWASILI MKUYUNI IJUMAA SAA NNE ASUBUHI. WOTE MNAKARIBISHWA.

Hadija alilitazama muda mrefu. "Mama," akasema, "kuna kitu."

"Kuna kitu gani?"

"Sijui. Nimesikia baridi."

Nikamwambia ni feni. Jumatatu likatundikwa Mkuyuni, kando ya barabara, juu ya miti miwili.

Jumatano asubuhi simu ikaita. Mwalimu Kobelo.

"Mama, shikamoo. Watu wanaleta kuni."

"Marahaba. Kuni za nini?"

"Za msiba."

"Nani amefariki?"

"Ndiyo shida yenyewe, Mama. Beki."

Nikakaa chini. Akanieleza. Jumatatu jioni watu waliokuwa wanatoka shamba walisimama kwenye bango. Wakaona kijana amevaa nyeupe tupu, nyuma yake zambarau ya Kwaresima, maua yamemzunguka, utepe mweusi, na chini imeandikwa atawasili Ijumaa saa nne. Watu wetu wakisoma "atawasili" hawaulizi mara mbili. Wanajua kinachowasili ni mwili. Usiku huo taarifa ikapanda milimani haraka kuliko mvua. Jumanne akina mama walileta ndizi na maharage. Kwaya ya parokia ikaanza kufanya mazoezi ya nyimbo za maziko. Kisha akatokea Bibi Mwanaidi, mkubwa kuliko wote pale kijijini, msuka mikeka, ambaye hajawahi kukosa msiba tangu awe na meno. Alikuja na mkeka wake, akautandika uani mwa shule, akakaa, akalia kwa sauti dakika kumi. Alipomaliza akajifuta uso, akamuuliza mwalimu mkuu, "Ameacha watoto wangapi?"

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia marehemu hakuoa. Mama, nilichanganyikiwa."

Nilikuwa bado nimeshika simu nilipoona mwanamke wa Kikorea anaingia dukani, mtu wa makamo, suruali ya vumbi, mkoba begani. Aliinama kidogo.

"Shikamoo mama," akasema, Kiswahili kimenyooka kuliko cha wengi wetu. "Ninaitwa Yun. Niliwahi kuwa muuguzi wa kujitolea Dodoma. Sasa ninatangulia mbele kuandaa safari ya msanii wetu. Nimepita Mkuyuni kuliona bango."

"Marahaba, karibu kiti."

Akakaa. Akaweka simu yake mezani, picha ya bango iko wazi. Alichagua maneno kama mtu anayechagua mchele kwenye sinia.

"Mama, samahani sana," akasema hatimaye. "Mmemuua."

Nikamwambia tumeshapata taarifa.

"Hapana, mama, yaani kwetu. Kwetu jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu. Ukiliandika ni kama unamtakia kufa. Huo utepe mweusi kwenye pembe za picha tunauweka siku ya mazishi. Na haya maua," akahesabu kwa kidole, akachoka kwenye kumi na tano, "haya ndiyo yale tunayompelekea marehemu. Mmemuua mara tatu."

Hadija akasema polepole kutoka kwenye kompyuta yake, "Na kwetu mara moja. Jumla nne."

Nikataka kucheka lakini uso wa Bi Yun ulinizuia. Ofisi ya Beki ilikuwa imeshaiona ile picha. Walikuwa wamesema kwamba kama hadi kesho jioni hakutakuwa na bango la maana, Beki hatapanda gari kuja Mkuyuni. Atayafungua madarasa kutoka hotelini Dar es Salaam, kwa video. Watoto walikuwa wamefanya mazoezi ya ngoma mwezi mzima, na Mwalimu Kobelo alikuwa ameazima suti. Na mimi miaka yangu yote kazini ingeishia kwenye sentensi moja: yule mama aliyemuua Mkorea. Hakuna aliyekuwa amenituma kugusa ile picha. Nilijiamini, basi, na kujiamini kwenyewe kulikuwa kumepitwa na wakati kuliko nilivyodhani.

"Twende Mkuyuni," nikasema. "Waliomlilia ndio watakaotuambia anafufuka na rangi gani."

Alhamisi asubuhi tulifika shuleni, mimi, Hadija na Bi Yun. Bango lilikuwa limeshushwa na kukunjwa kwa heshima zote, na mtu alikuwa ameweka juu yake kitambaa cheupe. Watu walikuwa wamejaa uani. Mwalimu Kobelo akasimama akatangaza kwamba mgeni ni mzima. Hakuna aliyeshangilia. Bibi Mwanaidi, amekaa kwenye mkeka wake, akauliza, "Mimi nimeshamlilia. Machozi yangu nani atayarudisha?"

Nikasimama nikaomba radhi. Nikasema kosa ni langu peke yangu, Hadija alinionya na mwalimu hakujua. Kisha nikawauliza bango la mtu aliye hai liwe na rangi gani. Wangeweza kunizomea. Badala yake wakanisaidia, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi.

"Kijani," akasema Mwalimu Kobelo. "Ni mimea, ni milima yetu."

"Kijani na nini?" akauliza mwenyekiti wa kijiji. "Maana ukiiweka na njano mgeni atadhaniwa anagombea. Ukiiacha hivyohivyo ni timu."

"Nyekundu na nyeupe?"

"Timu ile nyingine." Nusu ya uani wakapiga makofi, nusu wakaguna.

"Buluu?"

"Hao nao wana chama chao."

"Zambarau?"

Kiongozi wa kwaya akatikisa kichwa. "Kwaresima imekwisha, mwalimu."

"Nyeupe," akasema mzee mmoja, na kabla hajamaliza watu wa msikitini walisema sanda, na Bi Yun naye akanyoosha mkono kama mwanafunzi akasema kwao ndiyo nguo ya zamani ya kufiwa.

"Kahawia?"

"Hiyo ni tope," akasema Bibi Mwanaidi. "Tope tunalo."

Nilitazama chini, na nikaona Bi Yun naye anatazama chini, lakini yeye alikuwa anatazama kitu. Alikuwa anautazama mkeka. Ulikuwa mkeka wa ukindu, wa milia: nyekundu, njano, buluu, nyeusi, na ukindu mweupe usiotiwa rangi, mistari imepangana upana mmoja. Akapiga magoti akaugusa.

"Bibi, huu umeufuma wewe?"

"Nimeusuka. Nani mwingine?"

"Kwetu mtoto akitimiza mwaka mmoja tunamvalisha nguo ambayo mikono yake ina milia hivi," akasema Bi Yun. "Rangi ni tano. Hizi hizi. Kila moja ina upande wake wa dunia. Zikikaa pamoja, baya halipati mahali pa kupita. Ni nguo ya mtoto ambaye wamemwombea aishi." Akapitisha kidole juu ya milia. "Bibi yangu alinishonea."

Mwenyekiti wa kijiji aliuzunguka mkeka kama mkaguzi. "Rangi zote zimo," akasema. "Basi si ya chama chochote." Nadhani hiyo ilikuwa hotuba yake bora.

Kurudi mjini kuchapa tungeweza, lakini Hadija alipiga simu dukani akaambiwa umeme umekatika tangu alfajiri na haijulikani utarudi lini. Turubai tulikuwa nalo moja tu, lile la marehemu. Tukaligeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, safi. Kwenye stoo ya shule mafundi walikuwa wameacha makopo ya rangi ya mafuta ya milango, nyekundu, njano na buluu, na kopo la rangi nyeusi ya ubao. Tukalitandaza turubai uani, mawe kwenye pembe nne.

Sikuwa nimeshika brashi ya maana kwa miaka. Hadija aliushika uzi wa chaki upande mmoja, mimi upande wa pili, na Bibi Mwanaidi alisimama juu yetu kuhakikisha upana wa milia. Mara mbili alinifutisha. "Huo mstari umelewa," alisema. Katikati tuliacha nafasi nyeupe, na pale nikaliandika jina lake kwa nyeusi ya ubao, kwanza kwa herufi zetu, kisha kwa za Kikorea. Bi Yun alinichorea mchangani kwa kijiti, nami nikazifuata: kijiti, kijiti, duara. Herufi zao ni za kiungwana. Hazina mikunjo ya kujionyesha. Chini yake nikaandika KARIBU, basi. Saa tisa Bi Yun alipiga picha akaituma. Saa kumi jibu lilikuja: anakuja.

Ijumaa alifika. Alikuwa mfupi kuliko alivyo bangoni, ambako tulikuwa tumempa mita tatu, na alivaa raba nyeupe ambazo hazikumaliza hatua ya nne zikiwa nyeupe. Vijana walipiga kelele "Beki! Beki!" na yeye akawapungia kila mmoja. Watoto wakacheza ngoma. Akakata utepe. Kisha akasimama mbele ya bango kutoa hotuba, Bi Yun kando yake akitafsiri, na kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kutafuta chakula kwa macho.

Kamba za chini za bango nilizifunga mimi. Ninaliandika hili ili lisije likapakaziwa Hadija.

Upepo ulishuka kutoka mlimani, mmoja tu, wa ghafla. Kamba za chini zikafunguka, turubai likaruka juu, likanasa kwenye waya uliopita juu yake na kutulia. Na pale juu ya kichwa cha Baek Rin-ho aliye hai alitokea Baek Rin-ho aliyekufa, juu chini chini juu, jina lake jekundu, utepe mweusi, maua ishirini na manne. Watu wote waliona. Kiongozi wa kwaya, ambaye siku mbili nzima alikuwa akifanya mazoezi ya jambo hilohilo, alishtuka akaanzisha wimbo wa maziko. Sauti ya pili ikamfuata kabla hajajiziba mdomo.

Beki akageuka akatazama juu.

Bi Yun alifunika uso kwa karatasi za hotuba. Mwalimu Kobelo alishika suti ya watu kifuani. Mimi nilitafuta pa kujificha, na pale karibu palikuwa na mtoto wa darasa la kwanza tu.

Aliyesimama ni Bibi Mwanaidi. "Mwacheni!" akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemshika. Akamwendea Beki akamshika mkono. "Mjukuu wangu, aliyezushiwa kifo huongezewa siku. Na matanga tumeshamaliza, mimi nimekulilia mwenyewe, ndizi zimeliwa. Huna deni. Ishi."

Bi Yun akatafsiri. Beki alisikiliza. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kijana wa kawaida, cha kushika magoti, si kile cha ikulu. Alipotulia aliinama mbele ya Bibi Mwanaidi hadi paji la uso likakaribia vumbi. Halafu akauliza kitu.

"Anauliza nani aliliandika jina lake kwa nyekundu," akasema Bi Yun.

Nikanyoosha kidole. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu wanne, nikanyoosha kidole.

Akaja. Alizungumza taratibu, na Bi Yun akatafsiri taratibu. Alisema ile picha ya kwanza, ya suti nyeupe, ofisi yake iliishughulikia miezi mitatu. Ilipotoka alimtumia bibi yake anayeishi kijijini. Bibi akamwona mjukuu wake amevaa nyeupe tupu, ameshika ua jeupe, anatazama pembeni. Akalia siku mbili. Simu hakupokea. Ilibidi msanii apande basi mwenyewe hadi kijijini, akae jikoni, ale bakuli tatu mbele yake, ndipo akaamini. Ofisi ilimtumia bibi ule waraka wa kurasa kumi na moja. Bibi aliutumia kuwashia moto.

"Kwa hiyo, mama," Bi Yun akamalizia, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anajizuia kucheka, "anasema ofisi yake ilimuua kabla yako. Wewe umemalizia tu."

Hadija alinisogelea akaninong'oneza, "Mama, umesamehewa na Beki." Nilimwambia anyamaze, kwa sababu nilikuwa ninalia, na sikutaka Bibi Mwanaidi aone kuna mtu anamlilia mgeni bila yeye.

Kabla hajaondoka Beki aliomba jambo moja. Aliomba bango. Alisema anataka kumpelekea bibi yake, upande wa milia. Tulilishusha, tukalikunja milia ikiwa ndani, tukalifunga kwa kamba ya mkonge, likapanda kwenye gari kati ya mananasi na mkungu wa ndizi.

Kesi nyingine zilifuata baada ya hiyo, za maduka ya simu na za harusi, na kalenda moja ya parokia iliyotoka bila mwezi wa sita. Zile mnazijua, mlikuwepo. Mwezi wangu wa mwisho kazini Hadija aliniita kwenye kompyuta yake. Bi Yun alikuwa ametuma picha. Ilikuwa ya ua wa nyumba ya kijijini, milima nyuma yake mibichi kama yetu, na chini kwenye jua limetandazwa bango letu, milia juu. Juu ya milia hiyo kikongwe mmoja, amefunga kitambaa kichwani, alikuwa ameanika pilipili.

Hadija alisema, "Mama, wametudharau?"

Nilisogeza miwani nikaangalia vizuri. Milia ilikuwa haijapasuka. Jina lilikuwa halijachuja.

"Andika," nikamwambia. "Mwambie tumefurahi. Halafu mwambie bibi asianike chakula upande huo. Ile ni rangi ya milango. Aligeuze, atumie upande wa pili, ule wenye picha ya kuchapwa, ndio salama."

Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja. Bibi ameshukuru, aliandika Bi Yun. Pilipili atazihamisha. Bango hataligeuza.